Dirisha Moja

Duka langu ni dogo kama kiberiti.
Linauza bahati: namba sita, karatasi moja, reali tano.
Na kila mwisho wa mwezi, kwa dirisha hilohilo,
linatoa pesa ya serikali kwa wasionacho.
Lagoa do Umbu haina benki.
Ina mimi, Edinalva, na mashine inayokwama,
na feni iliyovunjika bawa,
huku kaskazini mwa Brazili mvua inakopita kwa jirani.

Foleni huanza kabla ya jua.
Watu huipasua wenyewe, kwa macho:
huku wacheza bahati, vifua mbele,
kule wenye kadi ya njano,
kadi imefichwa kiganjani kama jino lililong'oka.

Bwana Valdemiro huja na kofia ya ngozi.
Hasalimii mtu asiye na ng'ombe.
"Kupe," husema, wala hanong'oni,
"wameng'ang'ania kiwele cha nchi.
Wanazaa ili walipwe. Kazi hawaitaki.
Nimetafuta kibarua wa kung'oa visiki,
sijapata hata mmoja."
Hasemi alitaja ujira gani.
Mimi najua. Josenildo alinihesabia kwa vidole,
akabakiwa na vidole.

Foleni hucheka. Hata wenye kadi hucheka,
kila mmoja akidhani anasemwa wa nyuma yake.

Nami nisijitakase.
Mwezi wa Juni nilimlipa Jucileide,
mama wa watatu, nikaziona kucha zake:
nyekundu, mbichi, zinang'aa.
Nikahesabu noti polepole kuliko kawaida.
Nikauliza, "Lakini zinakutosha?"
kwa sauti ambayo mama yangu angeizaba kofi.
Akazitazama kucha kama aliyekutwa na mali ya wizi.
"Rangi ni ya dada yangu," akasema.
"Leo binti yangu anatimiza miaka saba."
Hakuwa na deni la kunijibu.
Akalilipa.

Ukame ulipofika mwaka wa tatu
Valdemiro alileta bahasha yenye muhuri.
Fidia ya ng'ombe waliokufa,
mahindi ya mifugo kwa bei ya kutupa,
na dawa ya kuogeshea waliobaki.
Dawa ya kupe, naam.
Akatia sahihi kwa madaha, mkia wa herufi ukavuka mstari.
Nikasema, "Msaada umefika, Bwana Valdemiro."
Akanyanyua macho taratibu.
"Msaada? Hii ni ruzuku."

Nikalitafuna neno hilo hadi jioni.
Ruzuku. Lina kola, lina vifungo,
linaingia kwa mlango wa mbele, linavutiwa kiti.
Msaada husimama juani.
Na noti, nilizihesabu mwenyewe,
zilitoka droo moja,
na chui aliyechorwa mgongoni mwake
hakubadili sura alipobadili mfuko.

Sikumwambia hayo. Duka nimepanga,
na nyumba ni ya shemeji yake.

Jana Jucileide amerudi. Kucha hazina rangi.
Nilimhesabia upesi, bila swali,
upesi mno, kama anayefuta kitu mezani.
Akanirudishia reali tano chini ya kioo.
"Namba sita," akasema. "Mashine ichague."

Foleni ikaguna, mguno mmoja mrefu.
Mtu akasema, "Mnaona? Pesa zetu!"
Valdemiro, mwenye karatasi nne za bahati mfukoni,
akasonya kwa niaba ya taifa.

Hakugeuka. Masikio tu yalimwiva.
Nikabonyeza.
Mashine ikakwama.
Tukangoja, yeye huko, mimi huku,
mji mzima ukimpumulia shingoni,
karatasi itoke.